Delta ya Rufiji Haidaiwi Kisima

Hoja inayotawala leo kuhusu mafuta na gesi nchini Tanzania ni rahisi kueleweka, na nguvu yake imo humo. Inasema kwamba Ulaya na Marekani zilijenga viwanda, reli na hospitali zao kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na sasa, zikiwa zimeshiba, zinatutaka sisi tuuache utajiri wetu chini ya bahari. Inakumbusha kuwa Tanzania inatoa chini ya asilimia moja ya gesi zinazoipasha dunia joto, kwamba tuna gesi asilia inayokadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57.54, na kwamba mamilioni ya Watanzania bado wanapikia kuni na mkaa. Kwa hiyo tuchimbe, tena tuharakishe kabla soko halijafungwa. Hoja hii husikika bungeni, huandikwa magazetini, hurudiwa na vijana wenye uchungu wa kweli na nchi yao. Julai 2022 Umoja wa Afrika uliipa sura ya bara zima ulipopitisha msimamo wa pamoja kuhusu nishati unaoipa gesi asilia nafasi katika safari ya Afrika. Mwaka 2025 Serikali ikatangaza vitalu 26 vya kutafutia mafuta na gesi, vitatu vikiwa katika Ziwa Tanganyika na vilivyobaki baharini.

Nusu ya kwanza ya hoja hiyo naikubali bila kusita. Nchi tajiri zina deni kwetu, na hakuna mtu wa Brussels au Washington mwenye haki ya kutuhubiria uchache wakati taa zake haziwahi kuzimika. Ninachokataa ni hitimisho. Kwamba tulidhulumiwa hakuthibitishi kwamba kisima kipya kitatulipa. Mradi wa nishati hupimwa kwa kile unachowaachia watu ambao ardhi yao, mto wao na bahari yao vimeubeba. Mahali pazuri pa kukitumia kipimo hicho ni Wilaya ya Kibiti na delta ya Mto Rufiji, kwa sababu watu wa huko wamekwisha kubeba bomba la gesi, wamebeba bwawa kubwa kuliko yote nchini, na wamebeba hata miradi iliyokuja kwa jina la kuhifadhi mikoko. Kote huko walitakiwa watoe kwanza, wapewe baadaye. Nadai kwamba kufungua vitalu vipya vya mafuta na gesi mbele ya delta hiyo ni kuwataka watoe mara nyingine kabla ya kulipwa zile za kwanza, na kwamba nchi haina hata haja ya kuwaomba.

Tuanze na mahali penyewe. Delta ya Rufiji ina mikoko inayokadiriwa kuwa hekta 53,000, msitu mkubwa zaidi wa mikoko ulioungana katika Afrika Mashariki. Humo mna mkoko, mchu, msinzi, mkandaa, mkomafi na mlilana, na katikati yake mna vijito vinavyojaa na kukupwa pamoja na bahari. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti humo na kuzipeleka Uarabuni. Mwaka 2004 eneo la bahari na pwani la Rufiji, Mafia na Kilwa liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Lakini ramani ya watafuta gesi inaiona sehemu hiyohiyo kwa jicho jingine. Kusini mwa delta iko Songo Songo, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974. Kaskazini yake iko Mkuranga, ambako gesi ilipatikana mwaka 2007. Leseni mojawapo ya utafutaji iliyoshikwa na kampuni ya Ufaransa ya Maurel et Prom iliitwa kabisa Bigwa-Rufiji-Mafia. Delta imekaa katikati ya matamanio hayo, na kila duru mpya ya vitalu huyasogeza karibu zaidi.

Watetezi wa visima vipya huzungumza kana kwamba gesi ni jambo la kesho, ambalo tukilijaribu ndipo tutakapoona matunda yake. Ukweli ni kwamba tumekwisha kulijaribu. Gesi ya Songo Songo ilianza kuzalishwa mwaka 2004, miaka 30 baada ya kugunduliwa, na ile ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982 ilianza kutumika Mtwara mwaka 2006. Bomba la kwanza lilitoka Songo Songo, likaingia nchi kavu Somanga Fungu na kupanda hadi Ubungo. La pili, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, lilizinduliwa Oktoba 2015 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China wa takriban dola bilioni 1.2. Yote mawili hukata nchi ya Rufiji na Kibiti yakielekea kaskazini. Gesi ikapita. Umeme ukafuliwa Ubungo na Kinyerezi, ukaendesha viwanda na kuwasha majumba ya jiji. Kwa zaidi ya miaka 20 mkaa wa misitu ya Rufiji na Kibiti umesafiri barabara ileile ya Kilwa kwenda kupikia chakula cha jiji hilohilo, wakati mabomba yanapita chini ya ardhi hatua chache kutoka barabarani. Kama gesi peke yake ingekuwa na uwezo wa kuinua maeneo inayopitia, ushahidi ungekuwa umeonekana Bungu, Jaribu na Kibiti mjini.

Mtwara nako kulikuwa na somo ambalo hatukulimaliza. Januari na Mei 2013 watu waliingia mitaani kupinga gesi kusafirishwa kwenda Dar es Salaam, na maisha yakapotea. Serikali ilieleza kwamba rasilimali ni ya taifa zima, jambo ambalo ni kweli kikatiba. Lakini waandamanaji walikuwa wanauliza swali jingine: kwa utaratibu gani rasilimali ya taifa zima inageuka kuwa zahanati, ajira au umeme katika kijiji inakotoka? Swali hilo halikujibiwa kwa bomba. Hoteli zilijengwa kwa matumaini ya kampuni za kigeni, bei za viwanja zikapanda, kisha bei ya mafuta duniani ikaporomoka kuanzia mwaka 2014, shughuli zikapungua na matumaini yakabaki mikononi mwa waliokopa. Mji uliojengwa kwa kutarajia gesi ulijikuta umefungwa kwenye bei inayopangwa mahali pengine.

Hapo ndipo hoja ya mapato, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa upande wa pili, inapoanza kuyumba. Gesi nyingi ya Tanzania iko kwenye kina kirefu cha bahari, iligunduliwa kuanzia mwaka 2010, na miaka yote tangu hapo imekuwa ikitajwa kama mkombozi. Mradi wa kuigeuza kuwa kimiminika kule Likong'o, Lindi, unakadiriwa kugharimu dola bilioni 42. Juni 2022 yalitiwa saini makubaliano ya awali, na Mei 2023 ikatangazwa kuwa mazungumzo yamekamilika, lakini uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukaendelea kusubiriwa. Wananchi wa Likong'o waliopisha mradi walianza kulipwa fidia mwaka 2020, miaka kadhaa baada ya eneo lao kutengwa. Kampuni ya Equinor ya Norway, mmoja wa wagunduzi wakubwa wa gesi hiyo, Januari 2021 ilifuta kwenye vitabu vyake dola milioni 982 za thamani ya mradi huo kwa sababu uchumi wake haukuridhisha. Mgunduzi mwenyewe aliuona mradi hauna faida ya kutosha kuuthamini hivyo, na sisi tunaambiwa tutafute gesi nyingine zaidi. Ikiwa trilioni 57 hazijatoa hata shehena moja ya kuuza nje kwa muda wote huo, trilioni ya 58 italeta nini?

Soko lenyewe halitusubiri. Qatar inapanua uzalishaji wake wa gesi ya kimiminika kutoka tani milioni 77 kwa mwaka hadi tani milioni 142 kufikia mwaka 2030. Marekani inaongeza mitambo. Kitalu kinachotangazwa leo kinahitaji miaka ya uchunguzi wa mitetemo, uchimbaji wa majaribio, mikataba na ujenzi kabla ya kutoa gesi ya kuuza, na kwa mwendo ambao nchi hii imeuonyesha tangu Songo Songo, gesi ya vitalu vya sasa ingeingia sokoni miaka ya 2040. Mei 2021 Shirika la Kimataifa la Nishati, lililoanzishwa na nchi tajiri zilipotikiswa na upungufu wa mafuta, lilionyesha kwamba dunia inayotaka kuzuia ongezeko la joto lisipite nyuzi 1.5 isingehitaji kuidhinisha maeneo mapya ya mafuta na gesi zaidi ya yale yaliyokuwa yamekwisha kuidhinishwa. Desemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, mataifa yote yakiwemo ya Afrika yalikubaliana kuanza kuondoka kwenye mafuta, gesi na makaa. Mtu anaweza kuamini kwamba mataifa hayo hayatatimiza neno lao. Lakini anayeweka dau la taifa juu ya kushindwa kwa dunia nzima anapaswa kutuambia nani atalipa mikopo iwapo dunia itafanikiwa.

Tuseme hata gesi ipatikane na iuzwe. Katika mikataba ya kugawana uzalishaji, mwekezaji hurejesha kwanza gharama zake kutoka kwenye gesi inayozalishwa, ndipo kinachobaki kigawanywe. Utaratibu huo unaeleweka, kwa sababu yeye ndiye aliyetoa mtaji. Maana yake, hata hivyo, ni kwamba miaka ya mwanzo, ambayo ndiyo yenye soko la uhakika zaidi, huwa ya kurejesha gharama, na faida ya taifa husukumwa kwenye miaka ya mwisho, ambayo ndiyo yenye mashaka zaidi. Halmashauri ya eneo husika hutegemea ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mapato ya kampuni. Sheria ya mwaka 2015 ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi ni hatua njema kwa Hazina, lakini mvuvi wa Mbwera au Salale, humo deltani, hana mahali pa kuyashika mapato hayo. Faida huahirishwa na kusambazwa nchi nzima, ilhali hasara hutokea papo kwa papo na mahali pamoja.

Jibu linalofuata husema kwamba, mapato kando, tunahitaji umeme. Kweli tunauhitaji. Lakini tatizo la umeme wa Tanzania limebadilika, na mjadala wetu haujabadilika nalo. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa juu ya mto huuhuu wa Rufiji kwa takriban shilingi trilioni 6.5, liliwasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024, na kufikia Aprili 2025 mitambo yote tisa yenye jumla ya megawati 2,115 ilikuwa imekamilika. Uwezo wa gridi ukapita megawati 4,000, wakati matumizi ya juu kabisa yalikuwa yakizunguka megawati 2,000. Nchi yenye uwezo unaokaribia mara mbili ya matumizi yake inakosa nguzo, nyaya, transfoma na watu wanaomudu kuunganishiwa na kulipia umeme. Mpango uliowekwa kwenye mkutano wa nishati wa Dar es Salaam wa Januari 2025, wa kuwafikishia umeme asilimia 75 ya wananchi ifikapo mwaka 2030, ni kazi ya usambazaji. Hakuna kisima cha baharini kitakachovuta waya hadi Kiongoroni, ndani ya delta.

Na kama ni jiko, hoja ya kisima ni dhaifu zaidi. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na lengo hilo nalishangilia, kwa sababu moshi unaua mama zetu na mkaa unamaliza misitu. Lakini gesi ya mtungi tunayoihimiza huagizwa kutoka nje. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni ya aina nyingine, huhitaji mabomba hadi jikoni, na baada ya miongo miwili mabomba hayo yamefika kwenye kaya chache mno hata Dar es Salaam kwenyewe. Kabla ya kutafuta gesi mpya kwa jina la mama wa kijijini, tungemwonyesha kwanza ile ya zamani.

Kuna pingamizi zito zaidi la kiufundi: maji hukauka. Mgawo wa umeme mwishoni mwa mwaka 2022 na tena mwaka 2023 ulitukumbusha kwamba nchi inayotegemea mito pekee huingia gizani ukame ukija, na jua halichomozi usiku. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake halihitaji kisima kipya. Gesi inayozalishwa Songo Songo na Mnazi Bay ipo, mitambo ya kuichoma ipo, na bomba la mwaka 2015 lilijengwa kubeba gesi nyingi kuliko inayopita ndani yake. Sitetei kuzima mitambo ya Kinyerezi kesho asubuhi, wala kuwanyima madereva wa bajaji wa Dar es Salaam gesi yao, wala kufunga kiwanda cha saruji cha Mtwara. Gesi iliyokwisha kufunguliwa itumike kwa uangalifu kama akiba ya miaka ya ukame, huku upepo wa Singida, jua la Kishapu na jotoardhi la Mbeya vikijengwa kando ya maji ili kupunguza haja ya akiba hiyo mwaka hadi mwaka. Kuitumia gesi iliyopo ili kuvuka ni mpito. Kufungua vitalu ambavyo gesi yake ingefika baada ya mpito kwisha ni kujifunga upya.

Sasa tuingie majini, kwa sababu hapo ndipo gharama inapokaa. Delta ya Rufiji inakadiriwa kutoa sehemu kubwa kabisa ya kamba wanaovuliwa nchini, na kamba huyu ana maisha yanayopaswa kueleweka na kila anayechora vitalu. Hutaga mayai baharini. Mabuu wake, wadogo wasioonekana kwa urahisi, huelea na mikondo hadi kwenye vijito vya mikoko, hukulia kwenye mizizi, kisha hurudi baharini wakiwa wakubwa. Maana yake, mpaka kati ya kitalu cha baharini na msitu wa nchi kavu upo kwenye karatasi tu. Kiumbe anayelisha nyumba za delta huuvuka mara mbili katika maisha yake. Utafutaji wa mafuta baharini huanza kwa mizinga ya hewa inayopiga sauti kubwa kwenda chini ya sakafu ya bahari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka pwani ya Tasmania, Australia, uligundua kuwa mlio wa mzinga mmoja uliua viumbe wadogo wanaoelea majini hadi umbali wa kilomita 1.2. Huko ndiko mabuu wa kamba walipo. Kabla hata tone halijapatikana, mvuvi wa jarife anaweza kuwa amekwisha kulipia.

Wapo wanaojibu kwamba gesi si mafuta, haigandi kwenye mizizi, na kwamba Songo Songo imezalisha kwa zaidi ya miaka 20 bila kumwagika kwa kutisha. Sehemu ya jibu hilo ni kweli, na ni haki kuisema. Lakini vitalu vinavyotolewa ni vya mafuta na gesi, na hakuna anayejua kilicho chini mpaka achimbe. Mikoko hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope, na mafuta yakiifunika, mti hufa ukiwa umesimama. Delta ya Niger ilitoa ushahidi ambao hatuhitaji kuurudia kwa gharama yetu. Mwaka 2008 na 2009 bomba lilivuja Bodo, Nigeria, likaharibu mikoko na uvuvi wa jamii nzima, na Shell ikakubali kulipa pauni milioni 55 mwaka 2015 tu, baada ya wanakijiji kuishtaki London. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kuwa kulisafisha eneo la Ogoni kungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Mtoto aliyezaliwa siku ya mvujo angekuwa mzazi kabla kijito hakijapona.

Tutaambiwa tuna sheria na tathmini ya athari kwa mazingira. Delta inajua thamani ya tathmini, na inajua pia mipaka yake. Katika miaka ya 1990 ilipendekezwa kujenga humo mabwawa ya kufugia kamba kwenye eneo la hekta zipatazo 10,000, mradi ambao ungekuwa miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Baraza la Taifa la Mazingira, NEMC, lilishauri usiruhusiwe. Mwaka 1997 Serikali iliuidhinisha hata hivyo, kwa hoja zilezile tunazozisikia leo: ajira, fedha za kigeni, maendeleo. Uliozuiwa na wataalamu ukaruhusiwa na wanasiasa, na aliyesimama mwisho kuuzuia ni mwanakijiji, aliyekwenda Mahakama Kuu akisaidiwa na wanasheria wa mazingira. Mradi haukujengwa. Historia hiyo huvunja pia dai kwamba kupinga miradi ya namna hii ni ajenda ya Wazungu. Mwekezaji ndiye aliyetoka Ulaya, na waliompinga walikuwa Warufiji waliojua kamba anakulia wapi.

Dai hilo la ajenda ya kigeni linasahau pia nani analipa gharama za joto la dunia. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikaribia pwani yetu karibu na Mafia, jambo ambalo wengi walilijua kama habari za Msumbiji na Madagaska. Bahari inapopanda, maji ya chumvi huingia kwenye majaruba ya mpunga ya delta kabla hayajafika kwenye ghorofa yoyote. Ni kweli kwamba gesi ya Tanzania peke yake haitaibadilisha hali ya hewa ya dunia. Lakini kila nchi yenye kisima husema hivyohivyo, na jumla ya kauli hizo ndiyo inayoipandisha bahari ya Rufiji. Aliye dhaifu zaidi mbele ya tatizo hana faida ya kuwapa wakubwa kisingizio cha kuliendeleza.

Hapa napaswa kuwa mkweli kwa upande wangu pia, kwa sababu nishati isiyo ya gesi nayo inaweza kudhulumu. Aprili 2024, mvua za El Niño zilipozidi na maji yakafunguliwa kutoka bwawani, mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zilizama, na maelfu ya watu wakapoteza makazi na mazao. Wenye mradi walieleza kwamba mafuriko ya Rufiji ni ya kale kuliko bwawa, na hilo ni kweli. Wakulima wa huko wameishi na mafuriko kwa vizazi. Kilimo cha mlau, cha kupanda mahindi na kunde kwenye unyevu unaoachwa na maji yanapopungua, kilijengwa juu ya kujua mto utakuja lini na kuondoka lini. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mkono wa mtu kwenye lango. Maji yanapoamuliwa na binadamu, tahadhari, fidia na kalenda ya kuyafungulia huwa wajibu wa binadamu huyo. Bwawa hushika pia udongo uliokuwa ukishuka na mto kuijenga delta, na mikoko isiyopata udongo hubaki na bahari inayoila. Umeme wa maji usio na moshi unaweza kuwa na deni, na deni hilo liko Kibiti.

Uhifadhi nao una deni lake. Mwaka 2011 vibanda vya wakulima wa mpunga ndani ya delta vilichomwa moto katika operesheni ya kuwaondoa mikokoni, wakati ule mikoko ilipokuwa ikizungumzwa duniani kama ghala la kaboni lenye thamani ya fedha. Watu ambao vizazi vyao viliishi na msitu wakatendewa kama wavamizi wake. Ninautaja mkasa huo kwa sababu wapo wanaodhani kupinga gesi ni kuwakabidhi wanyonge kwa wafanyabiashara wa hewa ukaa. Kipimo ni kilekile. Mpito unaomfukuza mkulima kwenye dungu lake ili kampuni ya mbali ihesabu kaboni ni dhuluma, sawasawa na kisima kinachomharibia kijito. Neno haki katika mpito wa haki lina uzito tu likitumika dhidi ya kila mradi, ukiwemo ule tunaoupenda.

Kwa hiyo mpito wa haki, ukianzia Kibiti, una sura inayoonekana. Vijiji vya visiwani mwa delta, ambavyo nguzo za gridi hazivifikii kirahisi, vipate mitambo ya jua yenye betri, kwa nguvu ya kuendesha mashine za barafu na majokofu, kwa sababu kamba asiye na barafu huuzwa kwa bei ya mnunuzi anayejua kwamba jioni ataoza. Hilo moja tu lingemwongezea mvuvi kipato bila kuongeza wavu hata mmoja baharini. Vijiji vilivyo kando ya barabara ya Kilwa viunganishwe na gridi kwa gharama ambayo mkulima wa korosho na ufuta anaimudu. Mapato ya Bwawa la Nyerere yatengewe kisheria sehemu maalumu ya wilaya za chini ya mto, pamoja na kalenda ya kufungulia maji itakayopangwa na wakulima wa mlau wenyewe wakiwepo mezani. Usimamizi wa mikoko uwe wa vijiji pamoja na Wakala wa Huduma za Misitu, na kama fedha za kaboni zitakuja, ziingie kwa mkataba uliosomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa Kiswahili. Na wachoma mkaa wa Kibiti wahesabiwe kuwa wafanyakazi wa nishati wanaostahili kazi mbadala, kama ambavyo mchimbaji wa makaa wa Afrika Kusini anavyohesabiwa.

Nani atalipa? Hapa ndipo ile nusu ya kwanza ya hoja ya wapinzani wangu inapopata kazi yake halali. Mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, Afrika Kusini iliahidiwa dola bilioni 8.5 za kuiondoa kwenye makaa ya mawe, nyingi zikiwa mikopo. Nchi ambayo haikuichafua dunia inastahili masharti bora kuliko hayo, na Tanzania ingekuwa na sauti kubwa zaidi mezani ikisema: tumeuacha msitu mkubwa wa mikoko wa Afrika Mashariki bila kuuzungushia visima, leteni ruzuku, si mikopo. Deni la nchi tajiri hudaiwa kwa namna hiyo, ana kwa ana, kwa ankara iliyoandikwa. Kuchimba gesi kwa mkopo wa Exim au mtaji wa kampuni za Ulaya na kuwauzia haohao hakuwalipishi chochote. Kunawaongezea bidhaa na kutuachia sisi hatari. Anayesema kuchimba ni kujikomboa kutoka kwa wakoloni anieleze kwa nini waliokaa mstari wa mbele kwenye vitalu vyetu ni Shell, Equinor na ExxonMobil.

Uamuzi unaodaiwa sasa ni mdogo kuliko makelele yanayouzunguka, na unawezekana bila kuzima taa hata moja. Serikali iondoe kwenye duru zote za leseni eneo la bahari na nchi kavu la Ramsar la Rufiji, Mafia na Kilwa, na iandike hivyo kwenye sheria ili waziri ajaye asilirudishe kwa tangazo. Isitishe kugawa vitalu vipya kwingineko hadi itakapowaeleza wananchi, kwa hesabu za wazi, gesi iliyokwisha kugunduliwa itafanyiwa nini na mkopo wa bomba unalipwaje. Na kabla ya kiongozi yeyote kwenda Nyamisati kuahidi neema ya mafuta, apeleke kwanza umeme wa bwawa, fidia ya mafuriko na hati ya msitu. Ahadi ni deni, na delta hii imekwisha kukopesha taifa mto wake, ardhi yake na subira yake. Wanaodaiwa ni sisi tunaowasha taa.